Mchunaji Aliyelipa Achunwe

Mara ya kwanza nilipomwona Makali kazini, alikuwa amempigilia mwizi wa maini kwenye meza. Kisu kilikuwa kimepita kwenye mkono wa shati na kuzama ubaoni, na yule bwana amebaki ameinama pale, jasho linamtiririka, huku Makali akiendelea kuchuna ng'ombe wake kwa kisu cha pili.

"Shati nimelilenga," alimwambia bila kugeuka. "Ukitikisika nitalenga kilichomo."

Mimi nilikuwa nimekuja kununua ngozi. Nikasubiri amalize, nikamtajia bei, akanitukana mimi na bei yangu. Nikaongeza kidogo, akapunguza matusi kidogo. Imepita miaka ishirini na miwili na bado tunaongea hivyo hivyo. Kanizidi miaka kumi, kwa hiyo namwita dada. Yeye ananiita Ngozi, na sokoni kote hakuna anayekumbuka kama nilikuwa na jina jingine.

Ukumbi wa kuchunia pale machinjioni una meza sita za mbao nene, nyeusi kwa damu ya zamani, na mfereji wa saruji katikati. Wanyama huuawa chumba cha pili, wanaletwa wakining'inia kwenye ndoano. Mchunaji huchukua ngozi na kichwa cha kila mnyama aliyepita mezani kwake, na hicho ndicho kipato chake. Asiye na meza hubeba mizigo.

Meza ya tatu ilikuwa ya mumewe Makali. Fahali alimpasua tumbo zizini, akafa amekaa, mgongo ukutani, ameshikilia matumbo yake kwa mikono miwili kama mtu aliyeachiwa mzigo wa mwenzake. Makali wakati ule alikuwa muosha utumbo upande wa nyuma, ana miaka thelathini na mmoja. Alikuja, akamfumba macho, akachomoa kisu kiunoni mwa marehemu. Kesho yake kengele ilipolia alikipigilia kwenye meza ya tatu mbele ya wanaume kumi na tisa. Mmoja akacheka. Huyo alishonwa mdomo nyuzi nne.

Sheria ya ukumbi ni moja na haijaandikwa popote. Kila asubuhi kengele ikilia, mwenye meza hupigilia kisu chake ubaoni. Meza ikikaa asubuhi sita bila kisu cha mwenyewe, asubuhi ya saba ni ya yeyote atakayewahi. Mgonjwa husamehewa, lakini lazima alete barua ya hospitali, na barua hiyo msimamizi huisoma kwa sauti mbele ya wote, ugonjwa ukitajwa kwa jina lake. Kuna bwana mmoja wa meza ya tano aliwahi kuleta barua ya jipu la makalio. Mpaka leo anaitwa Jipu, na wajukuu zake wanaitwa wajukuu wa Jipu.

Makali alipofika hamsini uso ulianza kushuka. Kazi yenyewe ni ya kuinamisha kichwa kutwa, na sigara alizivuta tangu ujana, basi mashavu yakateremka yakaning'inia pembeni mwa kidevu, na ngozi ya shingo ikawa mikunjo mikunjo. Mkono ulikuwa ule ule. Ngozi zake nilizikagua mwenyewe kila siku, sikuona tobo. Lakini pale ukumbini watu hawakukagua mkono. Walianza kumpokea ndoo. Wakaanza kumwita bibi.

Aliyeshikia bango ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. Tunamwita Nusu kwa sababu hubeba nusu ya ng'ombe peke yake begani, hatua sitini bila kupumzika. Tangu kaka yake afe amekuwa akiihesabu meza ya tatu kuwa mali ya ukoo wao. Asubuhi moja alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje:

"Shemeji, uso umeshaanguka. Mkono nao uko njiani. Niachie meza ya kaka kwa heshima, nikutafutie kazi ya kukaa."

Makali akamrushia mguu wa ng'ombe, ukwato ukiwa mbele. Miaka yote nimemwona akirusha vitu, hakuwahi kukosa. Hakukosa siku hiyo pia. Ila Nusu aliudaka hewani. Akauweka mezani taratibu, akampigapiga begani.

"Pumzika, bibi."

Ukwato ule ndio uliompeleka kwa daktari.

Habari za daktari alizipata kwa mama mmoja anayenunulia hoteli nyama, mwanamke wa umri wake, ambaye alipotea mwezi mmoja na kurudi kidevu kimenyooka kama cha binti. Makali alimvuta nyuma ya ndoano, akamwinua nywele kwa nguvu, akaona kovu jembamba mbele ya sikio. "Nani amekuchuna?" akauliza. "Kazi nzuri."

Tulikwenda wote wawili, kwa sababu alisema mimi ndiye ninayejua ngozi. Daktari alikuwa mwanamume mfupi, kucha safi, sauti ya chini. Alimkalisha mbele ya kioo, akamshika mashavu kwa vidole viwili, akayasukuma juu kidogo.

"Nakata kuanzia kwenye nywele hapa panjani, nashuka mbele ya sikio, nazunguka nyuma yake. Naiinua ngozi. Chini yake kuna utando. Huo ndio nauvuta na kuushona juu. Ngozi yenyewe siivuti kwa nguvu, naitandaza, nakata inayozidi."

"Na shingo?"

"Imo humo humo."

"Itoe. Shingo nitaifunga kitambaa. Nipigie bei ya mashavu matupu."

"Mama, mimi siuzi kwa kilo."

"Kila mtu anauza kwa kilo, daktari. Wengine hawajajua tu."

Daktari hakukasirika. Akasema akiiacha shingo ataonekana kama kichwa cha mtu kimewekwa juu ya kiwiliwili cha mwingine. Halafu akamwambia asitarajie miujiza. "Sikurudishii ujana. Nakupunguzia miaka kama kumi, na kuanzia siku hiyo unaendelea kuzeeka kama wenzio. Kazi ikiwa nzuri, watu hawatasema umepasuliwa. Watasema umepumzika."

"Sitaki kuonekana nimepumzika. Nataka kuogopwa."

"Hiyo sifanyi," alisema daktari.

Ndipo Makali alipofungua mfuko wake, akatoa kichwa cha ndama, akakiweka juu ya meza ya watu, katikati ya mafaili. "Chuna hiki. Nione mkono kwanza."

Nilidhani tutafukuzwa. Daktari alikitazama kile kichwa, akatazama zulia lake, akasema, "Twende kwenye sinki." Akavaa glavu. Alianza sikioni akaja mbele, kisu kidogo kuliko kidole, hana haraka, ananyanyua ngozi kwa koleo huku anaachanisha. Makali hakupepesa macho. Katikati ya shavu daktari alisimama, akaonyesha kitu cheupe, chembamba kama uzi wa kushonea.

"Huu ni mshipa wa fahamu. Ndio unaoamuru mdomo. Kwako upo hapa hapa. Nikiukata, upande huo haucheki tena. Ukivimba au ukibanwa na damu, unalala, na hakuna anayejua utaamka lini."

"Mimi huukata kila siku," alisema Makali. "Sikujua una kazi."

Nilichukua ile ngozi, nikaigeuza upande wa nyama, nikaiinua dirishani kwenye mwanga. Hapakuwa na tobo wala mkwaruzo. Ningeinunua palepale. "Daraja la kwanza, dada," nikamwambia. Akaacha kubishana bei.

Daktari akataja masharti, na mimi nikayashika kichwani kwa sababu yeye alikuwa hasikilizi. Mwezi mzima bila sigara kabla ya kisu na mwezi mwingine baada yake, la sivyo ngozi iliyoinuliwa hukosa damu, inakuwa nyeusi na kufa ikiwa bado usoni. Asimeze vidonge vya maumivu vinavyoyeyusha damu. Presha ipimwe, ishuke. Baada ya kisu alale kichwa kikiwa juu, asiiname, asinyanyue kitu, asigombane na mtu. Wiki mbili kwa uchache.

"Shinikizo la damu likipanda ghafla, kamshipa kadogo hufunguka huko ndani, shavu linajaa damu. Likijaa, njoo saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Wiki mbili unazo?"

"Ninazo," akasema Makali.

Alikuwa nazo asubuhi sita tu. Mimi nilijua, na nilinyamaza. Nimefanya biashara maisha yangu yote, siharibu bei ya mtu mbele ya muuzaji.

Mwezi ule wa kuacha sigara alivunja milango miwili, mmoja wangu. Msimamizi wa ukumbi alimwaga chai akajimwagia mapajani kwa sababu tu Makali alimwangalia. Mwisho akaaga ukumbini kwamba anakwenda kwenye msiba wa mama mdogo, mbali. Mama mdogo huyo alikuwa ameshakufa miaka tisa, lakini alistahili kutumika mara moja zaidi.

Upasuaji ulichukua saa nne na ushee. Alipoamka kichwa kizima kilikuwa kwenye bandeji, mirija miwili imetoka nyuma ya masikio inachuruzika damu kwenye vikopo. Alifungua jicho moja.

"Ina tobo?"

"Haina, dada."

"Bei gani?"

"Ya juu kabisa."

Akarudi kulala.

Nilimweka kwenye chumba changu cha nyuma, kule ninakohifadhi chumvi ya ngozi. Nilimpangia magunia, akalala ameegemea. Mirija ilitolewa siku ya pili. Siku ya tatu uso ulivimba hadi macho yakawa nyufa mbili, mashavu ya zambarau, rangi hiyo imeshuka shingoni hadi kifuani. Nilimnyima kioo, akajiangalia kwenye mfuniko wa sufuria. Kisha akaukunja ule mfuniko kwa mikono yake na kuutupa ukutani.

"Amenichinja yule kijibwana! Nipe kisu changu."

"Alisema siku ya tatu wengi humchukia. Kaa chini."

"Na masikio siyasikii." Akajibana sikio kwa kibanio cha nguo, akakiacha kinaning'inia. "Ona. Hakuna kitu."

"Alisema hayo pia. Miezi, yatarudi."

Asubuhi ya sita nilikwenda machinjioni kuchukua ngozi kama kawaida. Meza ya tatu ilikuwa tupu, na Nusu alikuwa amekaa juu yake, miguu inaning'inia, anapitisha kisu kipya kwenye noleo. Hakukificha. "Mwambie shemeji pole na msiba," akaniambia. "Kesho kengele ikilia mimi ndiye mwenye nyumba."

Nilimpelekea habari. Nikamwambia pia kwamba njia rahisi ipo, daktari aandike barua, mimi naipeleka kwa msimamizi, meza inangoja.

"Barua itasema nini?"

"Upasuaji wa uso."

"Isomwe mbele ya Nusu? Mbele ya wale?" Akatema mate kwenye chumvi yangu. "Jipu."

"Dada, jipu lina ubaya gani? Meza bado anayo."

"Anayo meza, heshima hana. Nakwenda kupiga kisu mara moja, narudi kulala. Pigo moja, Ngozi."

Asubuhi ya saba tuliingia ukumbini kabla ya kengele, yeye amejifunika mtandio hadi machoni, anatembea amenyoosha shingo kama aliyebeba mtungi. Wabebaji na wachunaji walikuwa wameshapanga mduara. Nusu alisimama nyuma ya meza ya tatu, kisu mkononi. Alipomwona akatabasamu.

"Karibu, bibi. Msiba umekwenda salama?"

Makali akavua mtandio.

Uso ulikuwa wa njano na zambarau, umejaa, unang'aa, nyuzi nyeusi zinatambaa kutoka kwenye nywele hadi nyuma ya masikio, damu kavu kwenye vishimo vya mirija. Jipu alirudi hatua mbili. Msimamizi alisahau mkono wake juu ya kamba ya kengele.

"Nani amekufanya hivyo?" Nusu akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nimemlipa mtu anichune nikiwa hai," alisema Makali. "Pesa yangu mwenyewe. Na bado nimekuja kazini. Wewe umewahi kufanya nini?"

Kama angeishia pale, nadhani angeshinda bila jasho. Lakini mtu mmoja nyuma akacheka, na Nusu akadhani amechekwa yeye. Kengele ikalia. Nusu akainua kisu, Makali akamsukuma kwa bega, na Nusu akamrushia kiwiko, kizima, kwenye shavu la kushoto. Nilisikia nyuzi zikiachia. Damu ilimwagika kwenye kola. Yeyote mwingine angeanguka. Yeye hakuinama hata kidogo, daktari alikuwa amemkataza. Alivuta noleo kiunoni mwa Nusu mwenyewe, fimbo nzima ya chuma, akampiga nayo kwenye kifundo cha mkono wenye kisu. Kisu kikaanguka mferejini. Nusu akaukamata ukingo wa meza kwa mkono wa pili, vidole vimetanuka, anaizuia kwa uzito wake wote.

Makali akapigilia kisu cha marehemu. Kilishuka kati ya kidole gumba na cha pili, kikapita kwenye nyama ile laini iliyopo hapo, kikasimama ubaoni.

Nusu alipiga yowe refu, halafu akaanza kulitaja jina la mama yake.

"Shati hukuvaa leo," alisema Makali. Akamtazama msimamizi. "Umeona kisu?"

"Nimeona," msimamizi akasema.

"Andika kichwani mwako."

Akachomoa, akakifuta kwenye aproni ya Nusu, akapigilia tena, safari hii kwenye mbao peke yake. Alipogeuka kwangu nikaona shavu la kushoto linapanda. Mbele ya macho yangu lilijaa, likakaza, likawa gumu kama boga. Nikamshika mkono tukakimbia.

Daktari hakusema neno la lawama. Alimlaza, akafungua nyuzi zilizobaki, akakamua madonge ya damu nyeusi yaliyojaa kiganja, akatafuta kamshipa kalikofunguka akakafunga. Makali alikuwa macho, ganzi imechomwa hapo hapo tu. Alinishika kidole na kukibinya mpaka kucha ikawa nyeusi.

"Ulikuwa na siku ngapi?" daktari alimuuliza mwishoni, akiwa anafunga bandeji.

"Sita."

"Ungeniambia, ningekupangia mwezi ambao ukumbi umefungwa. Hamfungi?"

Tulitazamana. Ukumbi hufungwa siku kumi na tano kila mwaka, kwa kupakwa chokaa na kupuliziwa dawa. Hakuna kisu kinachohesabiwa siku hizo. Miaka ishirini na miwili anafanya kazi pale na mimi nanunua pale, na hakuna kati yetu aliyewaza hilo. Wote wawili tulikuwa tunaangalia ukwato uliodakwa.

Sasa ni miezi mitano. Upande wa kulia kazi imesimama vizuri, kidevu kimenyooka, kovu unalitafuta kwa tochi. Masikio yameanza kusikia baridi. Upande wa kushoto ngozi imetulia, lakini mdomo hauinuki. Akicheka, nusu ya uso inacheka na nusu inakusikiliza tu. Daktari anasema mshipa haukukatika, umelala. Unaweza kuamka hadi mwaka, unaweza usiamke wote. Nilimwambia Makali kwa kipimo changu hiyo ni daraja la pili. Akanirushia ini.

Meza ya tatu ni yake. Hakuna anayemwita bibi. Sisemi ni uso uliofanya hivyo, mimi nadhani ni kisu, na kisu alikuwa nacho kabla. Yeye anabisha. Anasema wangekaa kimya kwa kisu wiki moja, lakini yule mwanamke aliyevua mtandio wanamwota mpaka leo.

Gumba la Nusu halifungi vizuri, siku hizi yeye hubebea bega la upande wa pili. Juzi aliingia na nusu ya ng'ombe, akaitua mezani kwa Makali.

"Hii hapa, shemeji."

"Igeuze. Mgongo kwangu."

Akaigeuza.

Mama wa hoteli alikuwepo, amekuja kununua mafuta, akamtazama Makali upande mmoja kisha upande wa pili. Akauliza kwa sauti ya chini: ungejua yote haya tangu mwanzo, ungefanya?

Makali alikuwa anafuata mstari wa tumbo, kisu kinateleza chini ya ngozi bila kugusa nyama. Hakuinua kichwa.

"Ningefanya," alisema. "Ila ningeleta barua. Waisome mpaka nukta ya mwisho."

Kisha akanigeukia mimi, nusu ya mdomo ikiwa juu. "Na wewe Ngozi, hii hapa haina tobo. Ongeza bei au toka."